Hodi kwa Kila Ribiti

Mume wangu aliileta karavani ile, nyumba ya magurudumu ya kukokotwa, nyuma ya lori, imefungwa kwa minyororo, na kila aliyeiona njiani alidhani ni tangi la maji lililopondeka. Alikuwa dereva wa kampuni ya mafuta, mtu wa kukaa jangwani wiki nyingi na kurudi na vumbi kwenye nyusi. Wapimaji wa ardhi walikuwa wakilala ndani ya karavani hiyo miaka ya nyuma, mpaka ekseli ilipokatika wakaitelekeza kwenye wadi, bonde la mto uliokauka. Msimamizi wake alimwambia aichukue akitaka, maana mbuzi walikwisha kuzalia mle.

Tuliiweka Wattaya, nje kidogo ya Maskati, kwenye kishamba cha mitende chenye kisima na ukuta wa udongo. Leo ukipita pale utaona maduka ya magari yenye vioo vya kung'aa. Wakati ule kulikuwa na punda wa jirani tu, naye alikuja kuinusa akaondoka.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, aliizunguka mikono nyuma. Unguja alikuwa seremala wa milango na makabati.

"Kasha la nani hili, yakhe?"

"Si kasha, Mjomba. Ni nyumba," nikamwambia.

"Nyumba! Ya kuku?"

"Ya Mama."

Hapo aliacha mzaha. Akaweka kiganja juu ya bati lililokunjamana, akasema, "Basi tuifumue yote, tuanzie mifupa."

Lazima nieleze habari ya Mama, maana bila yeye tungeifanya karavani ile banda la majani ya ng'ombe. Tulikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, Mama, Mjomba na mimi, na nguo tulizovaa. Tulipokewa Matrah na binamu yake Mama, niliyemwita Khalati, yaani mama mdogo. Khalati alizaliwa Unguja na kuolewa Matrah akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa bado na harufu ya kwao. Alitupa chumba kizuri cha juu. Mimi nikaolewa kutoka nyumba ile, na mwanangu wa kwanza akazaliwa humo.

Ubaya hatukuona hata chembe. Tatizo lilikuwa wema. Kila Mama alipokwenda jikoni, Khalati alimpokonya kisu. "Wallah huingii jikoni, ya ukhti, dada yangu! Istarihi, pumzika! Watu watasema nini, mgeni wangu anamenya vitunguu?" Wazee walituachia methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Khalati siku ya tatu haikufika kabisa. Na Mama, aliyekuwa akipikia msururu wa watu kwetu, akawa anakaa kwenye zulia, mikono ameilaza mapajani kama vitu alivyowekewa amana. Mwaka wa kwanza aliomba kazi. Wa pili akaacha kuomba. Baadaye hata mazungumzo yakapungua, na ukimuuliza anataka kula nini, alisema, "Chochote mtakachonipa." Sauti hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Kwa hiyo tulianza.

Ukitaka kufufua gari la namna hii, usianze na kinachopendeza macho. Rangi na mapazia yatakungoja. Vua bati, toa kiunzi cha mbao, ng'oa sakafu, mpaka ibaki chasi peke yake, yaani zile reli za chuma zinazobeba kila kitu. Kila unachovua kitie alama ya makaa, hata kama kimeoza, kwa sababu kipande kilichooza ndicho kitakachokupa kipimo cha kipya. Halafu gonga chasi kwa nyundo, shibiri kwa shibiri. Chuma kizima hulia ngee. Kilicholiwa na kutu husema pu, kama mtu anayejibu akiwa usingizini. Yetu ilisema pu sehemu ya nyuma yote. Mume wangu alipata reli na ekseli ya lori bovu, akaziunga kwa moto karakanani, na mimi nikakwangua kutu ya sehemu iliyobaki kwa brashi ya waya. Ni kazi ya kuchosha, lakini usiiogope. Kutu ikishaondoka chuma huwa cha kijivu, safi, na unajua ulipofikia. Tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tukaosha beringi kwa mafuta ya taa, tukazijaza grisi. Magurudumu yalipozunguka kwa kidole kimoja, Mjomba alipiga vigelegele kama mwanamke.

Mama tulikuwa tukimchukua siku zile mume wangu alipokuwepo na lori. Alikaa kivulini na mtoto wangu mapajani. Hakuuliza lolote. Kwake ile ilikuwa kazi ya wenyewe, na yeye ni mgeni hata hapo.

Kisha Mjomba akajenga kiunzi cha mbao, na humo ndimo tulimokosea, kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Unguja mbao hunywa. Masika yakiingia, mlango uliofungika vizuri jana leo hugoma, kwa hiyo seremala hodari huacha nafasi kidogo kwenye kila kiungo, ili mbao ipate pa kuvimbia. Mjomba aliacha nafasi zake kwa ustadi mkubwa. Wenyeji walipopita walimsifu.

Kiangazi kikaja, na upepo wa gharbi, ule wa moto unaotoka jangwani. Mbao hazikuvimba. Zilikauka, zikanywea, na nafasi alizoziacha zikawa mianya. Ukiutikisa ukuta, kiunzi chote kiligongana kama meno ya mwenye homa. Mjomba alisimama akikitazama, kofia mkononi.

Mama akasema kutoka kivulini, "Kaka, nyumba yako inangoja masika."

Nikageuka. Sikumbuki mara ya mwisho Mama kufanya utani kabla ya hapo.

"Cheka tu," Mjomba akamjibu. "Mvua ikija utanikimbilia."

"Ikija nitakuwa nimeshazikwa, kaka. Watu wa huku wameisahau hata rangi yake."

Tulikifumua. Safari hii tulizianika mbao juani kiangazi kizima, tukizigeuza kama watu wanavyogeuza mbata, mpaka zilipokoma kunywea, ndipo Mjomba akazikata kwa kubana, bila kuacha nafasi. Kama unajenga mahali pakavu, kumbuka hilo: mbao iache imalize kukauka kabla hujaipa kazi. Si hasara, ni subira.

Baridi ilipoingia tukafika kwenye bati. Tulilinyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya gunia la mchanga, kisha likawa la kupigwa ribiti. Ribiti ni msumari mfupi usio na ncha, wenye kichwa upande mmoja. Unaupenyeza kwenye tundu kutoka nje. Mtu aliye ndani anakandamiza kipande kizito cha chuma kwenye mkia wake, na aliye nje anapiga kichwa. Mkia ukigota kwenye kile chuma hubonyea, ukawa kichwa cha pili, na bati linakuwa limeshikwa pande mbili. Ugumu ni kwamba watu hawa wawili hawaonani. Aliye nje akipiga kabla mwenziwe hajaweka chuma, tundu hupanuka na bati limeharibika.

"Nnapigaje na sikuoni?" Mjomba aliuliza.

"Gonga kwanza, nami nikujibu," nikamwambia.

"Kugonga bila ya kusema ni kugonga kwa mwizi. Nitabisha hodi. Ukiwa tayari, sema karibu."

Ndivyo tulivyofanya, mimi ndani, yeye nje. Hodi. Karibu. Ta! Hodi. Karibu. Ta! Tulipomaliza mstari wa kwanza mtoto akaamka, akalia kilio cha njaa ambacho bibi hana dawa yake. Nikatoka kumnyonyesha. Mjomba aliachwa na ribiti imeshapenyezwa, nyundo hewani.

"Nani atanipokelea?" akalalamika. "Mtoto huyu ananyonya kama ngamia, tutakesha!"

Mama aliniachia mtoto, akajifunga leso kiunoni, akapanda ndani.

"Hodi," Mjomba akasema.

Akasogeza sikio kwenye bati.

"Hodi, dada! Umekishika chuma?"

"Nimekishika."

"Basi sema karibu, la sivyo sipigi."

Neno halikuja. Nilidhani chuma kimemlemea, nikaanza kuinuka na mtoto kifuani. Ndipo nikafahamu. Karibu ni neno la mwenye nyumba. Tangu tuliposhuka Matrah Mama hakuwa na mlango wa kulisemea, na yeye si mtu wa kulitumia neno la mwenzake.

"Karibu," akasema, kwa sauti ndogo kama ya anayejaribu kiatu.

Ta!

"Hodi."

"Karibu."

Ta!

Mtoto alishiba, akalala, nami sikurudi ndani. Nilikaa nikisikiliza. Kufikia ribiti za dirishani Mama hakuwa akingoja tena kubembelezwa.

"Karibu! Mbona hupigi, umelala?"

"Hodi hodi, wenyewe! Mna chochote humo?"

"Kuna wali wa nazi na pweza. Karibu!"

Ta!

"Hodi! Na chai je?"

"Chai ya mdalasini, na mkate wa kumimina. Karibu, lakini usije mikono mitupu kama juzi!"

Ta!

"Juzi nilileta papa!"

"Papa gani, ngozi tupu! Karibu!"

Aliposhuka, nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho na viganja vyake ni vyeusi. Alimpita Mjomba, akaitazama karavani kwa mbali, kichwa upande. "Jiko lisikae kule nyuma," akasema. "Likae huku mlangoni, nimwone anayekuja." Kisha, tulipokuwa tukipanda lori, akaniambia, "Kesho mniamshe mapema."

Khalati aliiona mikono ile jioni hiyohiyo. Aliishika yote miwili, akaigeuza.

"Wamekufanya nini, ya ukhti?"

"Nimejenga."

"Mnajenga nini?" Na alipoelezwa, macho yakamjaa. Alijua tulikuwa na kazi Wattaya, kwani shamba lilikuwa la mumewe, lakini hakujua kuwa ni ya kumhamisha Mama. "Kwangu umekosa nini?"

"Sijakosa kitu," Mama akasema. "Hata kitu kimoja. Ndiyo maana."

Khalati hakulielewa, na mimi siwezi kumlaumu. Hakugomba. Aliendelea kutuwekea chakula kizuri, ila alikula na wanawe, upande wake. Mama alipotaka kumweleza, alikatishwa kwa "inshallah, inshallah" mpaka maneno yakamwishia. Tulipohamia Wattaya, Khalati alitupa sufuria, birika na busati, akatuaga mlangoni kwake, na hakusema atakuja lini.

Karavani ilikuwa imependeza. Nje bati jeupe, ndani mbao zilizopakwa mafuta, kitanda cha Mama upande mmoja, na mlangoni jiko lake la mafuta ya taa, limelitazama lango la shamba. Asubuhi ya kwanza Mama aliwasha jiko kabla ya jua, akatupikia, na alikuwa akiimba chini kwa chini. Lakini kila Ijumaa baada ya sala alipika chakula kingi kuliko sisi, akakaa akilitazama lango. Mjomba alikula sehemu ya mgeni, akasema atanenepa kwa huzuni za watu.

Ijumaa moja lango lilisukumwa. Alikuwa Khalati, kwenye punda, na kapu la halwa mkononi. Alishuka, akaja mpaka karibu na mlango, akasimama. Aliitazama karavani tangu gurudumu hadi paa, kisha akasema, kwa adabu ya mtu asiyejua atapokewaje:

"Hodi."

"Karibu!" Mama akaitika kutoka ndani, kwa sauti iliyofika kisimani.

Mjomba, aliyekuwa amekaa nje ameegemea bati, kwa mazoea tu akalipiga kwa fimbo yake: ta! Khalati akaruka. "Bismillah! Nini hicho?"

"Ndivyo nyumba hii inavyosema," Mjomba akamjibu.

Khalati alipanda, akakumbatiwa. Mara akaona vikombe vichafu kwenye beseni, akapandisha mikono ya nguo yake kuviendea. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Wallah huingii jikoni, ya ukhti. Istarihi. Watu watasema nini?"

Walitazamana. Khalati akaketi ukingoni mwa kitanda. Kwa muda hakuwa na la kufanya. Chakula kilichemka, Mama alikuwa na shughuli zake, na Khalati akailaza mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine. Nilimwona akiitazama mikono hiyo. Nadhani ndipo alipouelewa ule mwaka wa kwanza, na wa pili, kwa sababu alipoinua uso alikuwa anatafuta macho ya Mama.

Mama hakumwacha hapo. Alifuta sinia kwa leso yake, akamwaga humo vitunguu thomu, akamwekea mapajani pamoja na kisu kidogo.

"Menya hivi," akasema. "Na uvimenye vizuri, mie nna wageni leo."