Mzungu Aliyelia Uani Kwetu Masaba

Hata leo sindano ikikwaruza santuri, mwili hunisisimka na pua hujaa harufu ya saruji. Harufu hiyo ni ya Ochwo, kijana wa Tororo aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na kumpenda shangazi yangu Nekesa mpaka baiskeli yake ikachakaa.

Ilikuwa mara ya tatu anakuja kwetu Masaba kuposa, Uhuru ukiwa bado mbichi. Mara mbili bibi, tuliyemwita Kukhu, alikuwa amemkataa. Si Msamia mwenzetu, alisema, na hana hata ng'ombe mmoja. Safari hii akikataliwa, shangazi angeozwa mzee mmoja wa Lumino mwenye zizi kubwa na meno machache.

Ochwo alishusha gramafoni kwenye keria, akaiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akazungusha hendeli. Kwa mila yetu mama mkwe haonani uso kwa uso na anayemposa binti yake, hivyo Kukhu hakutoka. Alikaa nami jikoni, nyuma ya ukuta, tukimenya mihogo. Mara likasikika gitaa, kisha sauti ya mwanamume akiimba Kizungu, nzito na laini kama uji wa wimbi. Jamani! Sijawahi kushangaa vile tena. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kabisa kwamba kuna mzungu mdogo amejikunyata ndani ya lile sanduku, nikamwonea huruma.

Kisu cha Kukhu kilisimama.

"Huyo muzungu nasema nini?" aliuliza kupitia ukutani.

Ochwo alijibu kutoka uani. "Mama, huyu nalilia mama yake. Nasema alimuacha mutoto, sasa natembea tu."

Kukhu alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Rudisha tena," akasema. Wimbo ulichezwa mara nne, na jua halijazama posa ikakubaliwa.

Baada ya hapo hapakuwa na arusi wala matanga, kutoka Masaba hadi Busia, bila nyimbo za namna ile. Vijana walivaa kofia pana kama za wachunga ng'ombe wa Kizungu huku wakichunga mbuzi wawili. Hata kwaya ya kanisa ilianza kuvuta sauti kwa majonzi yale yale.

Nilipokuwa mwalimu, Kiingereza kikiwa kimenikaa, niliisikiliza ile santuri upya. Mzungu alikuwa akilalamikia treni iliyochelewa. Mama hayumo kabisa! Nilicheka, nikaenda kumsuta Ochwo, wakati huo kichwa kikiwa cheupe kwa mvi, si kwa saruji.

"Kizungu sikujua hata neno moja," alisema. "Lakini mama yangu nilimuzika nikiwa mudogo sana. Nikisikia ile sauti, nasikia hiyo tu."

Miaka yote ile nilidhani Kukhu alimlilia mzungu, kumbe alimlilia kijana aliyekuwa uani.