Tefiro Hapiti Kwangu

Sikumupenda Tefiro siku ya kwanza, na mpaka leo sijaona kitu ya kunibadilisha. Lakini batu ya Bwera kila siku bananiuliza, Mama Resty, ni kweli mukwe yako anatembeza bazungu mu milima? Ni kweli. Mukae chini niwaambie miye mwenyewe, juu kule sokoni banaongeza maneno.

Tefiro ni mutoto ya Rukoki, kule chini karibu na Kasese. Alikuya huku Bwera na baiskeli na shati moja. Kazi yake ilikuwa kubeba matooke, ndizi ya kupika. Anapanda huku kwetu juu, anafunga mikungu kwa karia mpaka baiskeli yenyewe haionekani, anafunga na fimbo kwa usukani ya kusukumia, halafu anateremuka soko ya Mpondwe. Breki haiko. Breki ni kandambili: anakanyaga tairi mpaka inatoa moshi. Ukimutafuta Tefiro hauulizi mutu, unafuata harufu ya mupira ya kuungua.

Siku ya ndoa nilisema binti yangu ataenda kanisa na gari. Gari ya Muniru, yule muuza chumvi, ikakwama kwa matope. Tefiro akasema, "Hakuna shida, niko na usafiri." Akamuweka Resty kwa karia, na gauni yake nyeupe, bakateremuka. Kwa kona ya kijito kandambili ikakatika. Resty alifika mbele ya altare na majani ya maji kwa nywele. Padri akauliza kama bibi harusi amebatizwa, na mutu moja huko nyuma akajibu, "Sasa hivi tu." Kanisa yote ikacheka. Miye sikucheka. Sijacheka bado.

Sasa musikie vizuri. Kwetu mukwe na mama ya bibi yake habaonani macho kwa macho. Si chuki, ni heshima. Nikikutana na Tefiro njiani, miye naingia migomba ya huku, yeye anaingia migomba ya kule, tunangojea mpaka moja anachoka. Hakanyagi kiwanja yangu, hakuli chakula yangu, simusalimu. Iko namna ya kuifungua: mukwe analeta mbuzi na kitenge, mama anapokea, basi munaanza kuonana sawa batu. Tefiro alituma mbuzi. Akatuma tena. Jirani yangu Musoki ndiye alikuwa anamuleta kwa kamba, na kila mara nilimurudisha.

"Mama Resty, mbuzi ya watu inanona hivi," Musoki anasema.

"Muambie achunge mwenyewe."

Basi. Mwaka ile inafuata mafuriko ya muto Nyamwamba, akatokea Medius. Huyu ni mutoto mwanamuke ya Kasese mjini, amesoma, anavaa suruali yenye mifuko mpaka kwa magoti. Alianzisha kampuni yake ya kutembeza bazungu na baiskeli. Banaanza Kasese, banafika Muhokya, halafu banaacha lami, banaingia milima na misitu na makorongo, siku mbili tatu, mpaka Bwera. Alikuwa anatafuta mutu anajua vijia. Na vijia, hapo siwezi kudanganya, Tefiro anajua yote, hata ile mbuzi balishasahau.

Siku ya kwanza balifika kwa mulima. Bazungu bakasimama juu ya pedali, bakapanda banahema sawa ng'ombe. Tefiro akashuka, akaanza kusukuma. Tangu azaliwe hajapanda mulima akiwa amekaa kwa baiskeli.

Medius akamuita kwa dirisha ya pikapu yake. "Tefiro, mbona unatembea?"

"Mulima inasukumwa, madamu."

"Lakini hauna mzigo!"

"Hata kama. Mulima ni mulima."

Jioni alimuambia Resty maneno yote kwa simu, na Resty akaniambia miye. Kilichomushangaza si bazungu kupanda. Ni kupanda bila kubeba kitu. Balilipa pesa kubwa, bakapanda mulima nzima, bakateremuka ingine, na hakuna hata moja alikuwa na ndizi.

Medius alishasema safari hii ya kwanza ni ya kumujaribu, halafu ya pili atakuya mwenyewe na baiskeli aone njia. Njia ikiwa nzuri, kazi ni yake kabisa. Ikiwa mbaya, arudi kwa mikungu. Hapo ndipo Resty alimuwekea bwana yake mupaka. Alikuwa amechoka kulala na harufu ya tairi. Akiwa jikoni kwangu akamuambia kwa simu, "Medius akikukataa, miye navuka Kongo. Naenda Butembo kwa Elise, tutauza vitenge pamoja." Elise ni rafiki yake, Mukongomani, anakuya kila soko.

Nilimusikia nikiwa namenya mihogo. Nikauliza, "Na batoto?"

"Batoto watakaa na wewe, mama."

Wale bajukuu! Banakula sawa mafundi ya kujenga. Tangu saa ile nilianza kumuombea Tefiro kwa Mungu apate kazi. Musifikiri ni mapenzi.

Sasa shida ilikuwa hii. Toka musitu ya kalitusi kuteremuka Bwera, iko njia moja nzuri. Inafuata mugongo ya mulima, kivuli iko, unaona chini makorongo mpaka kule Kongo. Njia ile inapita katikati ya kiwanja yangu, kati ya jiko na pahali naanikia kahawa. Imepita pale tangu bwana yangu hajazaliwa. Na Tefiro hawezi kukanyaga pale.

Unafikiri alisema kweli? Aseme nini, mbele ya bazungu, mama mukwe wangu iko pale? Alibapeleka ndani ya korongo. Balibeba baiskeli kwa mabega, bakavuka kijito, bakapanda ukuta ya mawe banashika mizizi, bakavuka tena kijito ileile. Mutu moja akapoteza kiatu. Mwanamuke moja ya miwani akatoa simu yake, akaangalia ramani, akasema, "Tefiro, hapa juu iko njia. Tena imenyooka. Mbona hatupiti?"

Tefiro akaangalia simu. Akaona nyumba yangu pale, kadoa kadogo. Akasema na Kiingereza yake ya kuvunjika, "Pale mubaya. Iko munyama."

"Munyama gani?"

"Muzee. Iko peke yake. Hapana lala. Mutu akikuya mbali, inasikia."

Resty aliponiambia alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza inachekesha nini.

Mutu ya kwetu ukimuambia pale iko munyama mukali, anapita mbali, anashukuru. Tefiro alifikiri batu yote beko hivyo. Hakujua bazungu. Bale balirudi kwao bakaambia wenzao, na safari ya pili bakakuya wengi kuliko ya kwanza, na makamera sawa machupa, na yule wa miwani mbele. Walitaka kuona munyama.

Nilikuwa nageuza kahawa yangu kwa turubai. Nasikia kengele ya baiskeli, nasikia Kizungu. Naangalia kwa kalitusi, naona kofia za plastiki, nyekundu, kijani, zinateremuka. Na nyuma ya zote naona jaketi ya Tefiro. Alipoona banaingia njia ile, alipiga kelele kabisa.

"Madamu! Hapana! Turudi korongo!"

"Korongo gani? Njia nzuri hivi uliificha?" Ile ni sauti ya Medius.

Nikaingia jikoni, nikafunga nusu ya mulango. Heshima ni heshima. Kwa tundu nikaona Tefiro ametupa baiskeli kwa mupaka ya shamba, ameingia ndani ya mibuni ya kahawa, amechuchumaa. Alifikiri amejificha. Kofia ya plastiki ya njano ilikuwa imekaa juu ya majani sawa papai.

Bazungu bakaingia kiwanja, polepole, kidole kwa midomo. Bananyata, mujue, hapa kwangu. Medius akasimama mbele ya jiko.

"Wasibire, mukaka," akasalimu vizuri na Kikonzo, mukaka ni kusema mama muzee, kama ginsi inasalimiwa mutu mukubwa.

"Wasibire. Mumepoteza nini?"

"Samahani, mukaka. Tunasikia hapa iko munyama mukali. Muzee, inakaa peke yake. Wageni banaomba kuiona kwa mbali."

"Haiko mbali," nikasema. "Iko ndani, inapika sombe."

Akaangalia mulango, akaangalia kofia ya njano kwa mibuni, akaangalia mulango tena. Huyu mutoto amesoma lakini ni Mukonzo sawa siye, desturi anajua. Nikaona midomo inaanza kumucheza. "Mukaka... Tefiro ni nani yako?"

"Simujui."

Saa ileile kijana moja ya bazungu alikuwa anazunguka nyuma ya jiko kutafuta alama ya miguu, na baiskeli yake mukononi. Jogoo wangu akamuruka. Kijana akakimbia nyuma, akaanguka kwa kahawa, baiskeli ikagonga jiwe ya kusagia. Ringi ikapinda sawa chapati.

"Kahawa yangu!" nikalia.

"Ringi yangu!" nafikiri ndiyo alisema, kwa lugha yake.

Medius akageuka kwa mibuni. "Tefiro! Kuya utengeneze."

Kofia ikatikisika. "Madamu, siwezi. Muniletee hapa."

"Gurudumu haizunguki, nani atabeba? Spana iko kwako. Bwera mjini iko mbali na wageni banalala Bwera. Kuya!"

"Mama mukwe iko pale!"

"Najua! Miye niko na wakwe pia! Lakini sikiliza. Hii ndiyo njia, na nyumba hii haitahama. Kama hauwezi kupita hapa, nitatafuta mutu anaweza. Saa hii."

Nikawaza Butembo. Nikawaza bajukuu banakaa kwa mustari mbele ya sufuria yangu. Nikasema kwa tundu, "Medius, mutoto yangu."

"Ee, mukaka."

"Huyo mutu simujui. Lakini umuambie, mutu akifunika kichwa, hawezi kuona. Na mutu akiangalia ukuta, hawezi kuonekana."

Medius akamuambia, ingawa alikuwa amesikia. Tefiro akavua jaketi, akajifunika kichwa yote, akatoka kwa mibuni anarudi nyumanyuma sawa gari. Miye nikageukia ukuta ya moshi. Akakanyaga bakuli ya kuku, akagonga muti ya kamba ya nguo, lakini akafika. Akashika ile ringi. Na hapa nitasema tu nilichosikia, juu sikuona: tin, tin, tin, anakaza spoku moja moja, chini ya jaketi, kwa vidole. Bazungu bakapiga picha mpaka nikachoka kusikia.

"Madamu," akasema chini ya jaketi, "umuambie mama, kahawa nitaiokota."

"Mukaka, anasema kahawa ataiokota."

"Umuambie asiokote na mikono ya mafuta."

"Tefiro, anasema..."

"Nimesikia. Umuambie tena, madamu, mbuzi iko bado. Na kitenge. Akipokea leo, yote itaisha, nitapita hapa sawa mutu."

Medius akakuya karibu na mulango, akasema polepole, "Mukaka, anaomba sana. Mungu ni shahidi, miye namupenda, anajua milima hii. Pokea tu mbuzi."

Nikafikiri. Nilifikiri kweli. Halafu nikaona Resty mbele ya altare, maji inatoka kwa kitambaa ya kichwa, inateremuka kwa sakafu ya padri.

"Mbuzi hapana," nikasema. "Kupita, apite. Akiwa amefunikwa vile vile. Na kahawa musikanyage."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Tefiro akazungusha gurudumu, ikazunguka bila kugusa. Medius akasikiliza ile mulio, akamuambia, "Basi. Kazi ni yako." Nikasikia jaketi inalia. Mwanaume anaweza kulia kwa kazi, sikatai, lakini aende kulilia kwa njia.

Resty hakuenda Butembo. Elise anauza vitenge peke yake na anasema inaenda vizuri. Bajukuu beko kwa baba yao, banakuya siku ya Mungu tu, hiyo nawezana nayo. Tefiro amenunua breki, nasikia ya kweli, ya waya. Mulima bado anasukuma. Bazungu wengine sasa banashuka banasukuma na yeye, banasema ndiyo namna ya Rwenzori.

Na hapa kwangu banapita kila mwezi, wakati wa jua mara nyingi zaidi. Naanika kahawa upande moja tu. Wa kwanza anakuya Tefiro, jaketi kwa kichwa, anasukuma, miguu yake inapapasa chini sawa ya kuku kwa giza. Nyuma yake bazungu. Sijui nani alibaambia, Medius anaapa si yeye, lakini banafikiri ni sheria ya pahali hapa kwa kila mutu. Bakifika kwa mibuni banashuka, banavua mashati, banajifunika, yote, bamama na vijana, banashika baiskeli ya mwenye iko mbele, banaingia kwa mustari. Tefiro anaita chini ya jaketi, "Kushoto! Kushoto!" na yeye mwenyewe anaenda kulia. Kamba yangu ya nguo nimeifunga mara sijui ngapi.

Miye nakaa kwa stuli yangu mbele ya jiko, mgongo kwa njia, nageuza shingo tu akishapita yeye. Juma iliyopita mwanaume moja, mwenye tumbo, akafungua shati kidogo kwa jicho moja, akaniangalia.

Nikamuambia rudisha.

Akarudisha.