Jivu la Mwaka wa Jana

Hebu nambie, wewe unayesoma ukiwa mahali pakavu: masika huja kwa nini?

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Masika huja kwa sababu nyanya yangu, Bi Mwanaidi wa Mji wa Kale, ametupa jivu lake baharini Siku ya Mwaka. Vuli huja kwa sababu hiyo hiyo, na joto la kaskazi, na kipupwe. Siku hizi nina digrii ya jiografia, second class upper, imelala ndani ya bahasha juu ya kabati. Nikiulizwa swali hilo kwenye interview naeleza habari za mhimili wa dunia, mtu anaandika kitu, halafu anasema watanijibu baadaye, "We will get back to you." Nyanya angalau alikuwa akijibu siku hiyo hiyo.

Mwaka ninaousema si wa Januari wala si wa Kiislamu. Ni mwaka wa hesabu ya wazee wetu wa Pwani, unaoanza katikati ya kipupwe, ile baridi yetu ambayo wageni kutoka bara wakiisikia wanacheka. Siku zake huhesabiwa kumi kumi. Nyanya alizihesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, nyuma ya mlango. Kila alfajiri mstari mmoja, na zikitimia kumi anazikata kwa mstari wa kulala. Kumi la ishirini na nne likimalizika husema, "Anueni nguo, masika yabisha hodi." Alikosea mara chache kuliko wale wa redioni.

Siku ya Mwaka moto wa zamani huzimwa. Jivu lote la jikoni huchotwa, likapelekwa pwani kabla jua halijapanda, likamwagwa baharini kwa mgongo, bila kugeuka kutazama. Kisha unaoga maji ya chumvi, unarudi nyumbani, na moto mpya unawashwa. Ami yangu alikuwa amemnunulia nyanya jiko la gesi, naye akaliwekea kitambaa cha kufuma na vase ya maua ya plastiki juu yake. Gesi haina jivu, alisema, sasa mwaka utatupwa na nini?

Mwaka ule mguu wake ulikuwa umevimba. Akanikabidhi mimi debe, debe dogo la samli lililojaa hadi ukingoni.

"Haya, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo nyanya wa huku wanavyotutania wajukuu wa kike. "Leo wewe ndiwe mwenye mji. Wenda wapi?"

"Pwani."

"Ukifika?"

"Naipa bahari mgongo."

"Ukikutana na shoga zako ndiani?"

"Sisemi nao."

"Mwongo mkubwa!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nisikize. Jivu la mwaka wa jana likibaki mjini, masika yatakuja kulitafuta. Na yakitafuta hayachagui nyumba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, nyanya."

Nilikuwa nimemsikia. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusema mtoto hakuelewa. Nilielewa kila neno.

Nilifika Ndia Kuu, debe limenichubua kiganja, nikakutana na shoga yangu Zulekha akikimbia na viatu mkononi. Siku ile ile wazee walikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini, mtaa kwa mtaa, kwa dua, kabla hajachinjwa na nyama kugawiwa, ili balaa za mwaka zisipate pa kuingilia.

"Ng'ombe ashafika Bondeni!" Zulekha akapiga kelele. "Wewe kaa na debe lako, utaona mkia!"

Mbele ya duka la Bwana Taibali, mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza misumari na rangi, palikuwa na tundu la mtaro lenye vyuma. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Nikamwaga.

"Ewe binti!" Bwana Taibali alitoka na ufagio. "Mtaro si jaa! Mama yako nani wewe?"

Nikatimua mbio. Ila nakumbuka kitu kimoja nilichokiona kabla sijakimbia, na wakati ule sikukitia maanani: jivu halikuteremka. Lilikaa pale pale juu ya maji, kijivu, kama uji uliopoa. Maji yale yalikuwa hayaendi popote.

Ng'ombe nilimwona. Alikuwa mwekundu, mwembamba, amechoka. Basi.

Nilirudi nikapitia bomba la nje ya msikiti, nikalowesha nywele na ncha za leso. Nyanya alikuwa mlangoni, amekaa barazani, mguu ameunyoosha. Akanipitisha kidole kwenye paji la uso, akakilamba. Akanitazama.

"Bahari ya mwaka huu," akasema, "haina chumvi."

Akanipa mkate wa mofa na chai. Nilimeza vyote viwili kama mtu anayemeza dawa.

Tangu siku hiyo kila kilichofanywa na hali ya hewa kilikuwa changu. Vuli ikachelewa, nikajua ni mimi. Kaskazi ikapiga mpaka rangi za milango zikabambuka, mimi. Nilikuwa nikiingia jikoni kutazama mistari ya mkaa ikiongezeka nyuma ya mlango. Wenzangu walikuwa wakihesabu siku za kufunga shule. Mimi nilikuwa nikihesabu siku za kukamatwa.

Halafu Mwalimu Kazungu akaja darasani na chungwa na tochi. Akafunga madirisha, akalichoma chungwa kwa penseli, akaliinamisha kidogo, akalizungusha polepole kuizunguka tochi.

"Dunia haikusimama wima," alisema. "Imelala upande, hivi. Ikizunguka, jua linapiga zaidi huku, baadaye linapiga zaidi kule. Sisi hapa karibu na ikweta jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, na mvua hulifuata. Ndiyo masika, ndiyo vuli. Swali?"

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na jivu likibaki mjini?"

"Jivu gani?"

"La mwaka wa jana."

Darasa zima likaangua kicheko. Kuna aliyesema, "Huyo nyanya yake mganga!" Mwalimu Kazungu hakucheka. Kwao Kaloleni, alisema, bibi yake naye alikuwa na mila yake, ya kuku. Akanipa lile chungwa.

"Dunia imeinama hivi tangu haijawa na jiko hata moja, binti yangu. Haiwezi kuinuka kwa ajili ya debe lako."

Nililila chungwa lile njiani, tundu la penseli na vyote, na kwa muda wa majuma kadhaa nililala vizuri.

Masika yalikuja kwa wakati wake, kumi lile lile. Mwanzo yalikuwa mvua tu. Kisha ikanyesha siku tatu mfululizo, na maji ya Ndia Kuu, badala ya kushuka baharini, yakageuka yakaingia vichochoroni. Yakaja kwetu. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kongwe kuliko sisi sote, na ukuta wa jikoni ulikuwa umekiegemea kichochoro. Maji yakasimama kwenye miguu ya ukuta ule siku mbili. Siku ya tatu, watu wakitoka msikitini kuswali adhuhuri, ukuta ukakaa chini. Haukuanguka kwa kishindo kama kwenye sinema. Ulikaa, kama mtu aliyechoka kusubiri foleni.

Hakufa mtu. Jiko la gesi lilifukiwa pamoja na kitambaa chake. Niliona vipande vya lipu ndani ya tope, na juu ya kila kipande mistari ya mkaa, kumi, kumi, nusu ya kumi. Nyanya alisimama kichochoroni, maji yamemfika magotini, akivitazama.

"Hesabu yangu," alisema.

Mimi sikulia. Masika yalikuwa yamelitafuta jivu na kuipata nyumba ya mwenyewe.

Ami akamhamishia mtaa wa Tudor, kwenye fleti ya orofa ya tatu, kuta zote zimepakwa rangi ya krimu na mwenye nyumba hataki alama. Nyanya hakuhesabu tena. Mtu akimuuliza masika lini, alijibu, "Ulizeni simu zenu." Nami nikakua nikijua, kama mtu ajuavyo jina lake, kwamba ni mimi niliyembomolea nyumba. Watu husema nilichagua jiografia kwa kupenda ramani. Nilitaka mtu mwenye cheti anihakikishie kuhusu lile chungwa. Wakanihakikishia, kwa mihula minane. Haikusaidia kitu.

Likizo ya mwisho ya chuo nilimwambia. Alikuwa kitandani, mimi nikimkanda ule mguu. Nilisema nikiutazama mguu.

"Nyanya, lile jivu nililimwaga mtaroni. Kwa Bwana Taibali."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mtoto arudi pwani hana chumvi, mimi nisijue? Wanifanya mzungu?" Akasogeza mguu nikande juu zaidi. "Wewe ulipoenda kulala nilikwangua jiko, nikapata jivu la kujaza kikombe. Nikaenda."

"Na mguu ule?"

"Kwani wanitembezea wewe? Nikaenda, nikamwaga, nikaoga. Mwaka ule uligeuzwa sawasawa, mke mwenzangu."

Mikono yangu ilisimama. Nilingoja kusikia nafuu. Haikuja. Pale pa kuisikia palikuwa pamekufa ganzi muda mrefu mno.

"Basi kwa nini maji yalikuja kwetu?"

"Hilo ndilo nimekaa nalo miaka yote hii," alisema nyanya. "Mimi nilifanya yangu. Mwaka ukafanya wake, ukaja siku yake. Sasa nani hakufanya lake?"

Jibu nilipewa na Bwana Taibali, nilipokwenda kumwomba radhi nikiwa na miaka ishirini na moja. Hakunikumbuka hata kidogo. Masika ya kabla ya jivu langu yalipokwisha, alinieleza, walikuja watu kutandika kabro, yale matofali ya barabarani, mtaani. Barabara ikapendeza, picha zikapigwa. Lakini chini, pale mtaro unapotokea baharini, wakauziba kwa zege na wasiuzibue. Aliandika barua. Aliipeleka mwenyewe. Aliambiwa faili inashughulikiwa. Jivu langu halikuteremka kwa sababu halikuwa na pa kuteremkia. Hata lingetupwa jivu la mji mzima baharini, kwa mgongo, kwa dua, maji yangekuja kwetu.

Nyanya alifariki fletini Tudor, wakati wa demani, hewa imetulia. Hakurudi Mji wa Kale.

Sasa nahesabu mimi. Sina ukuta, nachora kwa penseli nyuma ya bahasha ya digrii, ni kazi ya kwanza ambayo bahasha ile imepata. Leo ni siku ya mia mbili na ishirini na sita. Jana nilipita kwa Bwana Taibali. Kiti chake anakikalia mwanawe, na tundu lipo, vyuma vipo, maji yamesimama vile vile. Nilidondosha kipande cha karatasi. Hakikwenda popote.

Kwa hiyo nyinyi mlio na faili ile: dunia imeinama, na kwa hilo hamlaumiwi. Mvua italifuata jua, na hilo halihitaji sahihi yenu. Sikuombeni kazi, CV yangu mnayo, fungieni maandazi. Zimebaki siku kumi na nne. Shukeni pale chini na nyundo, mvunje zege lile, myaache maji yaende baharini. Nyanya alikwenda kwa mguu uliovimba. Nyinyi mna magari.