Lethi ya Njiru na Kuku Aliyeilalia

Niliwahi kungoja kuku aangue mayai, siku ishirini na moja, ndipo niruhusiwe kujaribu mashine ya chuma.

Cheka tu. Hata Aqsa, mke wangu, alicheka mpaka akaketi chini.

Naitwa Ubaid, wa Majengo. Kazi yangu ni kukereza vyuma kwa lethi, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Miaka tisa nimekula kwa kazi hiyo, lakini kwa mashine ya mtu mwingine, kule Kariobangi, namlipa kwa saa.

Mwaka jana mwenye mashine akahamia kwao. Mashine akaenda nayo.

Na manze, ndio kwanza nilikuwa nimepata kazi ya maana. Maseremala wa Gikomba walitaka skrubu sitini za jiriwa, zile nene ndefu za kubana mbao. Walinipa miezi miwili. Kulikuwa na msee mwingine wa lethi pembeni akingoja nishindwe.

Skrubu ya jiriwa ni nyuzi, ile mistari inayojiviringisha kwenye chuma. Nyuzi zikikosea unywele mmoja, jiriwa inakwama. Kwa hivyo sikutaka lethi ya kuzunguka tu. Nilitaka inayokata nyuzi sawasawa.

Akiba yetu ilitosha mashine moja iliyotumika. Nikikosea hapo, nimechoma.

Jamaa mmoja wa posho mill, kinu cha unga, akanipa namba ya simu ya mzee wa Njiru, Mzee Nzau, kwamba ana lethi nyumbani imekaa bure. Nikapiga simu, kesho yake nikafika.

Mzee alinipokea vizuri, akanipeleka kibandani nyuma ya nyumba. Lethi ilikuwepo kweli, ya zamani, rangi imebanduka, imefunikwa karatasi ya nailoni. Na juu yake, kwenye ule mwili mrefu ambao sisi mafundi tunauita kitanda, kulikuwa na karai la nyasi. Ndani ya karai, kuku.

Nadhani alisikia kwamba hicho ni kitanda akaamini.

Nikataka kulihamisha karai. Mke wa mzee, Mama Nthoki, akatokea mlangoni akipangusa mikono. Mama mfupi, mpole.

"Mwanangu, huyo ameanza kulalia jana. Ukimsumbua ataacha mayai. Rudi akishaangua."

Nikamtazama mzee anitetee. Mzee akatazama paa.

Basi nikachungulia nilipoweza. Nikainua nailoni upande mmoja. Chini yake chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, hakuna kutu hata chembe. Nikamwambia mzee ameitunza kishujaa. Akakohoa.

Nikamuuliza ile skrubu ndefu ya mashine, inayovuta kisu wakati wa kukata nyuzi, ina nyuzi ngapi kwa inchi. Akasema ngoja kidogo, akaingia jikoni. Akarudi na jibu: nne.

Nikauliza gia za kubadilishia ziko zote? Hizo ndizo huamua unakata nyuzi za ukubwa gani, na bila hizo lethi ni pambo. Akaingia tena jikoni. Akarudi amebeba mkebe wa biskuti. Gia zote kumi na mbili, kila moja imefungwa kwa kitambaa.

Nikajiambia mzee huyu ana makaratasi yake jikoni, kila kitu kimeandikwa. Fundi wa kweli.

Lakini kuku ni kuku. Nikaondoka mikono mitupu.

Wiki hiyo hiyo broka mmoja, Gachanja, akanipigia. Alikuwa na lethi yadini kwake, imepakwa rangi ya kijani inayometameta. Akaiwasha, ikaimba kama friji mpya. Mimi nikalegea, siwezi kudanganya. Gachanja akaniambia kuna mtu anakuja kesho na pesa taslimu, kwa hivyo nijipange.

Nikaomba siku mbili. Nikarudi Njiru kubembeleza. Kuku bado yuko kitandani, ananitazama kwa jicho moja.

Nikamweleza Mzee Nzau habari za ile ya kijani. Kama kawaida akasema ngoja kidogo, akaenda jikoni. Safari hii alikawia. Aliporudi alisema kama mtu aliyekaririshwa:

"Mashine yoyote ikizunguka inapendeza. Iambie ikate nyuzi, shibiri nzima. Halafu valisha nati uliyotoka nayo nyumbani, si ya kwao."

Nikaona haya. Miaka tisa nakereza, lakini kununua sijawahi, na rangi ya kijani ilikuwa imenifumba macho.

Nikaenda kwa Gachanja na chuma changu na nati yangu mfukoni. Akaanza kuzungukazunguka, eti buda, umeona inazunguka, hayo ya nyuzi utajaribu ukishafika kwako. Nikasimama pale pale. Mwishowe akaniachia.

Gia zilikuwa mbili tu. Nikatumia hizo hizo, nikakata.

Kwa macho, nyuzi zilikuwa safi. Nikavalisha nati. Mwanzoni ikaingia vizuri. Katikati ikakaza, nikatumia spana. Mbele kidogo ikalegea, ikawa inacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Ile skrubu ndefu ya mashine ilikuwa imelika sehemu moja, na ubovu wake ukahamia kwenye kila kitu inachokata.

Nilifikiria skrubu sitini zikikwama Gikomba nzima. Nikamshukuru Gachanja, nikajitoa.

Sasa ikawa ni kuku au hakuna. Nilirudi Njiru mara mbili zaidi, ya mwisho nikiwa na mahindi ya kumpelekea. Siku zilikuwa zinayoyoma na maseremala wananipigia.

Siku ya ishirini na moja, Mama Nthoki akanipigia mwenyewe. Nije na chuma.

Nilimkuta kuku uani na vifaranga tisa. Kitanda cha mashine kimepanguswa, umeme umeunganishwa. Nikamgeukia Mzee Nzau, nikamwomba kwa heshima anikatie yeye nyuzi, maana mashine ya mzee humjua mzee.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kijana, mimi nilikuwa dereva wa lori. Hata nati ya gurudumu nilikuwa nakaziwa. Muulize mwenye mashine."

Mama Nthoki alikuwa tayari anavua bangili. Akajifunga leso kiunoni, akabana kitambaa cha kichwa, akapanga gia bila kutazama mara mbili. Alikuwa amekereza vyuma miaka ishirini na mbili kwenye karakana moja ya Industrial Area, na ilipofungwa akanunua mashine yake kwenye mnada. Aliacha macho yalipopungua.

Macho yamepungua, lakini mikono haikujua. Alikata shibiri nzima akisikiliza tu sauti ya kisu. Nikavalisha nati yangu, nikaisukuma kwa kidole kimoja. Ikateleza mpaka mwisho, haikukaza wala kucheza.

Wiki tatu nimemsifu mume mbele ya fundi mwenyewe.

Nikamwambia angalau kuku alinipa muda wa kukwepa ile ya kijani. Akatabasamu.

"Kuku ana nyumba yake. Nilimhamishia pale usiku wa siku ile uliyopiga simu."

Kumbe watu wa vyuma chakavu walikuwa wakimjia kila mwezi, wakitaka mashine waikate kwa gesi waipime kwa kilo. Hao, akasema, hawawezi kumngojea kuku hata siku mbili. Alitaka kuona kama mimi ni mmoja wao.

Aliniuzia, na mashine iko kwenye kibanda changu cha kazi Kariobangi sasa. Skrubu sitini zilifika Gikomba siku nne kabla ya muda kwisha, na wameongeza arobaini. Alhamisi Mama Nthoki huja, anaketi kwenye stuli akiwa amenipa mgongo, na kisu kikianza kulia vibaya ananiambia zima kabla mimi sijasikia kitu.

Wasee, nawaachia hili. Ukienda kununua kitu kilichotumika, uliza nani alikitumia.

Halafu ngoja ujibiwe. Usijijibu mwenyewe kama mimi.