Kiti Ambacho Dada Breki Hakutaka Kukikalia

Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linaingia mlangoni mwa banda, fundi wa breki anapanda gari dogo la mteja. Anavuta kiti mbele mpaka magoti yanakaribia kugusa usukani. Anakata usukani kulia, mpaka mwisho. Anashuka, anapiga magoti kwenye saruji, anaingiza kichwa nyuma ya gurudumu na kuupapasa kwa kidole mpira mweusi unaopitisha mafuta ya breki. Anapanda tena. Anakata kushoto, mpaka mwisho. Anashuka tena.

"Dada Breki!" anapaza sauti fundi rangi wa banda la pili. "Gari halijawashwa na wewe ushafika safari!"

"Cheka tu. Wewe ukikosea, gari linakuwa baya. Mimi nikikosea, ni msiba."

Gari lenyewe limekuja kubadilishiwa pedi tu. Mpira haukuguswa. Yeye anautazama hivyo hivyo, na ukimuuliza kwa nini, anafuta mikono kwa kitambaa kwanza.

"Kwa sababu kuna siku sikuutazama," anasema. "Na mtoto wa mdogo wangu alikuwa amesimama getini."

Jibu hilo ndilo limefanya habari hii iandikwe. Sisi tulio na watoto tunawapandisha magari ya baba zao wadogo na wajomba zao bila wasiwasi, tukijua ni ya ndugu na yanatengenezwa na ndugu. Hatuulizi ndugu hao wana nini mioyoni.

Dada Breki ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na maneno ya haraka. Kazi alifundishwa na baba yake katika banda hili hili. Siku nyingine magari yanapanga foleni, siku nyingine anashinda akipiga soga na fundi rangi mpaka jioni. Ameishi hivyo na hajalala njaa.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: gari la marehemu baba yake.

Ni gari la michezo la zamani, la milango miwili, boneti ndefu, rangi ya maziwa. Mzee alilinunua likiwa mkweche lisilo na hata vioo, akalifufua kidogo kidogo na binti yake.

"Aliyekuwa chini ya gari ni mimi," anasema. "Oili ilinimwagikia mimi machoni. Mdogo wangu alikuwa juu, anapiga honi."

Mzee alipoona nguvu zinamwishia, aliwaita watoto wake wawili sebuleni, mbele ya mama yao na majirani. Binti akapewa banda na spana zote. Kijana akapewa gari.

Binti aliuliza, kwa adabu, kwa nini isiwe kinyume chake. Mzee akacheka. "Wewe mama, hata pedeli huzifikii!"

"Watu wote wakacheka," anasema Dada Breki. "Na mimi nikacheka. Kicheko kile kimenikwama hapa mpaka leo." Anagusa koo.

Baada ya mazishi hakulikalia tena gari lile, hata kama abiria. Akisikia mlio wake barabarani, anageuza uso ukutani. Mteja akimwambia, "Gari la mdogo wako linapendeza kweli," yeye anajibu, "Nipe hiyo spana." Anakiri kwamba kuna usiku aliliombea likwame kwenye tope mbele ya watu. Likwame tu, anasisitiza, lisiharibike.

Mzazi unayesoma, tulia kidogo hapo. Utani ule mzee aliusahau kabla chai haijapoa, lakini binti alibaki nao.

Mdogo wake naye alikuwa na wivu wake. Anatembea mwisho wa wiki na wenzake wenye magari ya zamani, na wenzake walikuwa wameshabadilisha diski za breki, wakaweka kubwa, nene, zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa. Diski ndogo zikishuka mlima mrefu zinapata moto, na pedeli inakuwa laini kama mkate uliolowa. Hiyo ilikuwa sababu moja. Nyingine aliisema mwenyewe siku alipoleta mzigo wa diski bandani.

"Dada, diski za wenzangu zinaonekana kwenye rimu kama sinia. Zangu kama visahani vya chai!"

"Kwa hiyo unataka kusimama, au unataka kuonekana?"

"Vyote viwili. Sasa dada yangu, nimpelekee nani mwingine?"

Aliifanya kazi kwa mikono safi, hilo hata mdogo wake hakatai. Alijaribisha rimu kwanza, kuona kama itapita juu ya chuma kipya kinachobana diski. Alikaza kila nati. Ila hakukaa ndani ya gari. Ulipofika wakati wa kutoa hewa kwenye breki, kazi ambayo inataka mtu akanyage pedeli mara nyingi, alipiga magoti mlangoni akaisukuma kwa mkono.

"Dada, breki unaikanyaga kwa mkono?" mdogo wake alimshangaa.

"Nina oili. Sitaki kukuchafulia kiti, Bwana Mkubwa."

Akalitembeza mdogo wake mwenyewe, kwenda na kurudi mbele ya banda, kwenye njia iliyonyooka. Lilishika vizuri mno, mpaka fundi rangi akapiga makofi. Jioni ile likaondoka, na binti wa mdogo wake amekaa kiti cha abiria, anampungia mkono. "Shangazi, asante kwa sinia!"

Diski ikiwa kubwa, chuma kinachoibana kinasogea nje zaidi. Mpira wa mafuta, ule wa zamani, unabaki mfupi. Gari likienda moja kwa moja hutaona kitu. Ukikata usukani mpaka mwisho, mpira unavutika kama kamba. Ndiyo maana kila fundi wa breki anakaa ndani, anakata kulia, anakata kushoto, anashuka, anatazama. Hilo ndilo alilofundishwa na baba yake kabla ya kitu kingine chochote.

Alikumbuka jioni ile ile, akiwa ndani ya pikapu ya mteja mwingine. Amekata usukani, mkono uko kwenye mlango ashuke akatazame, akaganda.

"Nikasema, yarabi, lile gari sikulikata usukani."

Alipiga simu. Haikupokelewa, kwa maana gari lile likinguruma husikii hata honi yako mwenyewe. Akarukia pikipiki iliyokuwa ikipita, na ovaroli lake hivyo hivyo.

Nyumba ya mdogo wake ina geti linalotazama uchochoro mwembamba. Kuingia, lazima ukate usukani wote. Na kila siku, anayeshuka kufungua ni yule mtoto.

Baba yake alikata usukani, mpira ukapasuka. Magari ya zamani kama lile yana njia moja tu ya mafuta ya breki, kwa hiyo mbele ikikatika, na nyuma hakuna kitu. Pedeli ikazama mpaka sakafuni. Gari likaendelea, taratibu, kuelekea kwa mtoto aliyesimama akivuta geti. Breki ya mkono, ambayo bandani haikuguswa na mtu, ndiyo iliyolishika baba alipoivuta. Geti lilipinda. Mtoto alikuwa amebanana nyuma yake, kati ya bati na ukuta. Alikuwa mzima, kiatu kimoja kimemtoka.

Shangazi alipofika, wifi yake amemkumbatia mtoto na mdogo wake anapiga diski teke. "Wameniuzia takataka! Kesho nazirudisha!"

Angeweza kunyamaza, na lawama zingekwenda dukani.

"Si diski," alisema. "Ni mimi. Mpira ni mfupi."

"Ulisahau, dada?"

"Sikusahau. Sikutaka kukaa kwenye kile kiti."

Wifi yake hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Kiti?" Akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani.

Muda mrefu hawakusemeshana. Kisha mdogo wake akaja bandani, gari linavutwa kwa kamba, mipira mipya mirefu iko mkononi. Dada Breki akaifunga. Alipomaliza, mdogo wake akamfungulia mlango wa dereva.

"Kaa. Mimi nitatazama mpira."

"Sifikii."

"Sijakuuliza kama unafika."

Mdogo wake akainama, akashika mpini chini ya kiti, akavuta. Kiti kikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, kikasogea mbele.

"Ilikuwa kutu tu, nimeipaka oili juzi. Dada, wewe ni fundi mzima. Hukujua kiti kinasogea?"

"Viti vyote nilijua vinasogea," alimjibu. "Hicho sikuwahi kukijaribu."

Akakaa. Akakata kulia, akakata kushoto, na mdogo wake amelala chini kwenye saruji, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anapaza sauti, "Unafika, dada! Mpira unafika!"

Mtu angependa kusema wivu uliisha siku hiyo. Dada Breki anatikisa kichwa.

"Nikisikia mlio wake roho bado inauma, sitaki kukudanganya. Ila sasa nikiona inauma, natazama mara mbili." Anaonyesha gari la mteja, ambalo tayari amelikata usukani kote kote.

Wifi yake bado hajamruhusu mtoto kupanda gari lile. Haki yake, anasema shangazi.

Na anachokitumaini ni nini? Anafunga boneti.

"Siku moja mdogo wangu aje hapa, gari likiwa zima, halina mlio wowote wa ajabu, hana shida na mimi. Aninyooshee ufunguo tu, aseme, dada, katembee."

Anapanda kwenye gari la mteja kulirudisha nje.

"Kiti nitakivuta mwenyewe."