Gari Ambalo Mama Alikataa Liuzwe

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hata uzee huu haujanisahaulisha. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia unatafuta gari la mtumba la kubebea mkeo na watoto, na mfuko wako si mnene. Wetu pia haukuwa mnene. Naomba usinikatize. Nina hasira, na nataka uisikie yote.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, nikikaa kwa kaka yangu Simiyu pale Kitale. Simiyu alikuwa na duka la mbolea na mbegu. Mkewe aliitwa Nanjala, na binti yao, Nekesa, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mama yetu, mjane, alikuwa nyumbani Sirisia akilima. Kila tulipokwenda kumwona tulibadilisha magari njiani, mvua ikitunyeshea na mizigo kichwani, mpaka Simiyu akaapa kwamba familia yake itapanda gari lake. Alijinyima kwa muda mrefu. Nakwambia hivi ujue kwamba hakuwa mjinga wala mtu wa kujionyesha. Alikuwa baba.

Aliyemuuzia gari ni Barasa, mtu aliyeimba naye kwaya moja kanisani, mwenye yadi ya magari kando ya barabara. Lilikuwa gari la viti saba, jeupe, linang'aa, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Barasa alisema mmiliki wa kwanza alikuwa daktari ambaye hakulitumia sana. Simiyu alipotaka kumleta fundi wake alitazame, Barasa akamwambia hakuna haja, fundi wa yadi ameshalikagua, na tena kuna mtu wa Moi's Bridge anakuja kulilipia kesho asubuhi. Kaka akaogopa kulikosa. Akalipa.

Hapo ndipo damu yangu huanza kuchemka. Mtu mwenye kitu kizuri cha kuuza hana sababu ya kukuzuia usikiangalie. Kaka yangu alizuiwa kwa tabasamu, na mtu aliyeshika kitabu kimoja cha nyimbo pamoja naye.

Jumapili hiyo tulitoka ibadani tukaelekea Sirisia kumwonyesha Mama gari. Simiyu aliendesha, Nanjala akakaa kando yake, mimi na Nekesa tukakaa kiti cha katikati. Nilipapasa chini ya kile kitambaa kipya nikitafuta mkanda wa kumfunga mtoto. Sikuupata. Simiyu akasema labda umefichwa na kitambaa, atamuuliza Barasa wakionana.

Tulipopita Kamukuywa ng'ombe akakatiza barabara. Simiyu hakuwa akienda kasi. Alikanyaga breki, gari likavuta upande mmoja, likaingia mtaroni. Ilikuwa ajali ndogo, mwanangu, ya kutoka na kupangusa vumbi na kucheka. Gari la kweli lingetutikisa tu. Lile lilifunguka. Sakafu ilipasuka nyuma ya dereva, kiti chetu kikang'oka, na Nekesa akarushwa katikati ya viti vya mbele. Paja lake lilivunjika. Jinsi alivyolia sitakueleza.

Alilazwa Bungoma. Fundi aliyelivuta lile gari akamwita Simiyu gereji, akamwonyesha. Halikuwa gari moja. Lilikuwa nusu ya mbele ya gari lililogongwa nyuma, na nusu ya nyuma ya gari lililogongwa mbele, zimechomelewa katikati, zikapakwa rangi juu. Mikanda ya kiti cha katikati ilikuwa imekatwa, na vile vitambaa vipya vilivalishwa kuficha mahali ilipokuwa. Simiyu aliketi chini pale pale, kwenye mafuta machafu ya gereji.

Barasa alikuja hospitalini na soda na mkate, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Akasema tumshukuru Mungu kwa kuwa wote tu hai. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mjukuu wake. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, "Barasa, watoto wako wewe huwapeleka shule na gari gani?"

Barasa akajibu kwamba wana gari lingine.

"Na hili ulimuuzia mwanangu ukijua?"

Akawatazama wale wazee kwanza. "Mama, hii biashara iko hivyo. Kila mtu hufanya."

"Basi hao kila mtu waje hapa wamfundishe huyu mtoto kutembea," Mama akasema, akamrudishia soda zake.

Mzee mmoja akajaribu kusema kwamba hospitali si mahali pa hasira, afadhali tuombe. Mama akamjibu kuwa maombi yatafuata Barasa akishatamka kwa mdomo wake alichokifanya. Barasa hakutamka. Wakaondoka bila kuomba. Simiyu aliposema atamshtaki, yule bwana alikuwa ameshafunga yadi na kuhama, nasi tulikuwa na mtoto wa kuuguza.

Ungedhani hadithi imeisha. Kilichonikasirisha zaidi kilikuwa bado mbele.

Nekesa alipotoka hospitalini Mama alimchukua Sirisia, mguu ukiwa kwenye plasta, nami nikaenda kumsaidia. Siku moja Simiyu akaja na gari lile lile. Alikuwa amelirudisha kwa mafundi, wakalichomelea upya, wakalipaka rangi ya samawati. Hakutuambia kwamba amepata wateja. Baadaye kidogo wakafika mwalimu kijana kutoka Bumula na mkewe mjamzito, wakitafuta gari la bei nafuu kabla mtoto hajazaliwa. Kijana akalizunguka, akapenda rangi. Akauliza kama limewahi kupata ajali.

"Hapana, bana," kaka yangu akasema. "Hii ni safi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa ameshaacha mahindi aliyokuwa akipukuchua, amemshika yule mwanamke mkono na kumwingiza ndani, hadi pale Nekesa alipolala.

"Binti yangu, huyu alikuwa amekaa mahali utakapokaa wewe na mtoto wako," akamwambia. "Gari ni hilo hilo. Hiyo rangi ni mpya tu."

Wale vijana walipanda boda boda wakaenda zao. Simiyu akampandishia Mama sauti, jambo ambalo sijawahi kuona kabla wala baada ya siku hiyo. Alilia kwamba jasho lake lote liko ndani ya gari lile, kwamba yeye ndiye aliyeibiwa, sasa afanye nini, ale rangi? Mama hakupandisha yake.

"Barasa ni mwizi, na nitasema hivyo hadi nife," akasema. "Lakini wewe umemlaza Nekesa ndani, halafu unatoka nje kumtafutia mwenzake."

Simiyu akawasha gari akaondoka. Msimu mzima wa mahindi ulipita hajakanyaga Sirisia. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikamkasirikia tena. Kisha tukasikia kutoka kwa Nanjala kwamba amelibomoa. Alitoa injini, milango na magurudumu, akauza kila kimoja peke yake, na bodi akawalipa watu waikate vipande mbele ya macho yake ili pasiwe na mtu wa kuiunganisha tena. Alipata sehemu ndogo sana ya alichotoa. Siku aliyorudi kwa Mama alivuta kigoda, akaketi kando yake, akachukua hindi na kuanza kupukuchua. Mama akamuuliza kama amekula.

Nekesa sasa ni mama wa watoto. Anachechemea, na baridi ya Kitale ikizidi mguu humuuma. Watu huniambia nisamehe. Barasa nilimsamehe. Lile neno lake, kwamba kila mtu hufanya, silisamehe, kwa maana bado nalisikia madukani, gereji, hata makanisani.

Kwa hiyo nisikilize. Umaskini usikufanye ununue haraka. Nenda na fundi wako, mtu asiyekula kwa muuzaji, gari linyanyuliwe alitazame chini kwa kurunzi. Ukizuiwa, geuka uondoke, hata kama anayekuzuia alikusimamia arusini. Vuta kila mkanda kwa mkono wako, wa nyuma zaidi kuliko wa mbele, kwa sababu nyuma ndiko wanakokaa watoto. Ving'oe hivyo vitambaa vya viti. Liendeshe kwenye barabara mbaya, shika breki, uone kama linakwenda sawa. Hakikisha namba iliyochongwa kwenye chuma cha gari ndiyo iliyo kwenye karatasi zake. Chagua gari dogo, la zamani, lenye mikwaruzo lakini mwili wake mzima, na ubakishe kitu cha tairi na breki. Ukikosa la kufaa, endelea kupanda magari ya abiria. Aibu yake haivunji mfupa. Na wakikuzidi ujanja ukauziwa bovu, hasara hiyo iishie kwako. Usimpelekee mama mwingine.

Mungu akupe macho ya kuona chini ya rangi, na moyo mgumu mbele ya maneno matamu. Awafikishe wanao shuleni asubuhi na awarudishe jioni wakitembea kwa miguu yao yote miwili. Na siku utakapokuwa wewe ndiye muuzaji, akufungue mdomo useme kweli kabla mtu hajakuuliza.