Mama Aliyeitazama Kamera

Vijana wa siku hizi wakiniambia sinema imewachosha, hasira zinanipanda. Wananikalia sebuleni, wanapiga miayo mbele ya picha inayotembea! Sisi wa Baraka, kando ya ziwa, katika ile miaka ya hamsini, tulitengeneza sinema yetu wenyewe tungali wanafunzi wa misheni, na mpaka leo, macho yenyewe yameshachoka, nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Padri aliyetufundisha Kifaransa na hesabu alirudi kutoka likizo Ulaya na kamera ndogo ya kutiwa ufunguo. Unauzungusha ufunguo mpaka ugome, unabonyeza, mashine inaanza kunguruma, na baada ya muda mfupi inachoka na kunyamaza. Alitukusanya sisi wa mwaka wa mwisho akasema hadithi tutatunga wenyewe, watu tutacheza wenyewe, yeye atashika mashine tu. Tulicheka kwa adabu, tukidhani anatania.

Hakuwa anatania. Tukatunga hadithi ya kijana anayetoroka shule kwenda kuchimba dhahabu huko Lulimba. Dhahabu haipati, anarudi na njaa, na mama yake anampokea. Ilikuwa hadithi fupi na nyepesi, shida ikawa mama. Hakuna mwanamke wa Baraka aliyekubali kuwa mama wa mtoto asiyemzaa, tena mbele ya mashine. Basi tukamchukua mwenzetu mmoja mwenye sura laini, tukamfunga kikwembe cha dada yake kiunoni na kitambaa kichwani, tukambebesha na kitunga. Kwetu akina mama hubeba kitunga mgongoni, mkanda wake ukipita kwenye paji la uso, ndiyo maana mwenye mzigo hutembea ameinama, macho chini. Mwenzetu alikuwa amesimama wima kama askari wa gwaride.

Mimi nilipewa kazi ya mdomo, kwa kuwa mdomo ninao tangu kuzaliwa. Wakati wa kupiga picha nilikuwa nawazuia watazamaji na kupiga kelele, "Musiangalie mashine! Musiangalie mashine!" Padri alitufundisha hivyo: anayeitazama kamera anaharibu kila kitu, kwa sababu mtu wa kwenye hadithi hajui kwamba anatazamwa. Baadaye, sinema ikiisha, ningepita vijijini kuwaita watu waje kuiona.

Siku moja tulikuwa kwenye barabara ya Mboko, akina mama wanakuja sokoni na muhogo. Mmoja wao alisimama, mtu mzima aliyekonda, kitunga chake kimejaa mpaka juu. Akamwangalia mwenzetu kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Huyu mama yenu iko na ndevu," akasema.

Wenzake walicheka mpaka mmoja akalazimika kutua mzigo. Lakini yule mama hakuondoka nao. Alinisogelea mimi, labda kwa sababu ndiye niliyekuwa na kelele kuliko wote.

"Mutoto yangu, hii picha itaenda wapi?"

"Itaonyeshwa hapa Baraka, mama. Kisha Padri ataipeleka Albertville."

"Albertville? Kule kwenye baboti bakubwa?"

"Kule kule."

Akaurekebisha mkanda kwenye paji la uso. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba mwanawe wa pekee yuko Albertville, anapakua mizigo bandarini. Aliondoka bado kijana, na tangu hapo hajarudi wala kutuma salamu. Watu wanasema ameoa kule na amesahau kwao.

"Miye sisemi amesahau. Nasema hajaniona siku mingi. Akiniona, atakuya. Basi mupige na miye."

Padri alikubali upesi, si kwa ajili ya mtoto, maana hakuyasikia hayo. Alikubali kwa sababu jua lilikuwa zuri na alihitaji mwanamke wa kweli apite nyuma ya hadithi na mzigo wa kweli. Nikamwelekeza: mama, utapita tu, usiangalie mashine. Akaitika. Ufunguo ukazungushwa, mashine ikanguruma, mama akaja ameinama, vizuri kabisa, mpaka alipofika mbele yetu. Hapo akasimama. Akautoa mkanda kwenye paji la uso, akatua kitunga chini, akanyooka, mkono mmoja kiunoni kama anayetuliza maumivu, akaitazama kamera moja kwa moja. Midomo yake ilisema kitu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Hakugeuka. Alitazama mpaka ufunguo ukaisha.

Padri alishika kichwa. Mimi nilimkimbilia mama nikiwa nimewaka.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Na we," akanijibu bila kukasirika, huku akirudisha mkanda kichwani, "nisipoangalia, atajua namna gani kama ni yeye naangalia?"

Nikamwinulia kitunga mgongoni, akaenda zake.

Filamu zikatumwa Ulaya kusafishwa. Mvua zikaja zikaisha, tukaanza kusahau. Kisha siku moja Padri akaingia darasani amekumbatia kifurushi, akafunga madirisha, akawasha mashine ya kuonyeshea, na ukuta wetu wa chokaa ukafunguka.

Sijui nisemeje. Ziwa lilikuwa ukutani. Si picha ya ziwa, nilishaona picha kwenye vitabu. Lilikuwa ziwa lenyewe, maji yale niliyooga tangu utotoni, yanakuja, yanapiga mchanga, yanarudi. Mwenzetu aliyecheza kijana wa dhahabu alitembea ukutani huku ameketi kando yangu, nami nikamshika goti kuhakikisha yupo. Niliinuka nikaugusa ukuta pale yalipokuwa maji. Ulikuwa mkavu. Padri hakunigombeza, hata yeye alikuwa na machozi. Na yule mama alikuwemo, anatua kitunga, anatutazama.

Wiki iliyofuata nikaanza kazi yangu. Nilikuwa na baiskeli ya misheni na kipande cha bati kilichokunjwa kama faneli, na kwenye karia nilimpakia mwenzetu wa ndevu na kikwembe chake, watoto watukimbilie. Tulikwenda kijiji kwa kijiji mpaka Mboko. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa: kwamba wataona maajabu, wataona ziwa likitembea juu ya shuka nyeupe tutakayotundika uwanjani. Watu walinisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza swali moja tu, kila mahali lile lile: "Nani iko ndani?" Maajabu hayakuwashughulisha. Walitaka kujua kama kuna mtu wanayemfahamu.

Katika kijiji cha yule mama sikuulizwa. Alikuwa ameshawaambia wote. Alisimama kando ya barabara na jirani zake, akanikazia macho.

"Si miye iko ndani?"

"Mama iko ndani!" nikapaza sauti kwenye bati, kifua chote. "Nimemuona na macho yangu! Kuyeni Baraka mumuone mama yenu!"

Wakapiga vigelegele. Nilipanda baiskeli najiona mtu mkubwa.

Tuliporudi misheni tulimkuta Padri mezani na mkasi na gundi, anaikata filamu na kuiunga upya, hadithi iende vizuri. Kwenye msumari wa dirisha vilining'inia vipande alivyovitoa. Nikakiinua kimoja kwenye mwanga. Ndani yake, mdogo kama kucha, alikuwa mama.

"Padri, huyu umemtoa?"

"Ameangalia kamera," akasema bila kuinua kichwa. "Ni kosa. Kwenye sinema nzuri hakuna anayeangalia kamera."

Nikamweleza yote, haraka haraka, mtoto wa Albertville, siku nyingi bila salamu, na jinsi nilivyomtangaza mbele ya kijiji chake. "Padri, haangalii kamera. Anamwangalia mtoto wake. Na kama hayumo, mimi sitoki tena kuita watu."

Mwenzangu alinikanyaga mguu. Siku zile mwanafunzi hakusema na Padri hivyo. Kwa maneno machache kuliko hayo watu walifungashiwa virago na kurudishwa kwao vijijini. Padri aliweka mkasi chini. Akakichukua kile kipande mkononi mwangu, akaenda dirishani, akaanza kukipitisha mbele ya mwanga, picha moja baada ya nyingine, polepole, tangu mkanda unapotoka kwenye paji la uso. Alikaa pale muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini baba.

"Tutaiweka mwisho kabisa," akasema hatimaye, "isiharibu hadithi." Akafungua gundi, ile ya harufu ya kuumiza pua.

Jumapili ya sinema, uwanja wa misheni ulijaa kuliko Krismasi. Wavuvi walikuja, wakulima walikuja, hata wachungaji wa ng'ombe kutoka milimani, waliokuwa wameteremka na siagi yao, walisimama pembeni wameegemea fimbo, wakisita kidogo mbele ya ile shuka kwa kuwa wao ni Waprotestanti. Giza lilipoingia tu, mwanga ukatoka kwenye mashine na hakuna aliyesita tena. Walipiga kelele kuona soko lao. Walicheka mpaka kulia kwa mama mwenye ndevu. Hadithi ikaisha, kijana akapokelewa, watu wakaanza kuinuka.

Ndipo mama akaja kwenye shuka, ameinama.

Mwenyewe alikuwa ameketi mbele kabisa, na wa kwanza kusema alikuwa yeye. "Kitunga yangu! Nani alibeba kitunga yangu?" Hakuwahi kujiona mahali popote zaidi ya kwenye maji ya beseni. Jirani yake akamwambia, "Si ni we!" Akajishika paji la uso. Kule juu, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, alitua mzigo, akanyooka, akatutazama. Uwanja wote ukatulia. Kisha mtu mmoja nyuma, mwanamume, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekutana naye njiani, "Jambo, mama." Na wote wakafuata, wavuvi, wachungaji, watoto, "Jambo, mama!" Walikuwa wakiisalimia shuka, na hakuna aliyecheka. Nimesali maisha yangu yote na sijasikia tena watu wakiitika hivyo.

Walidai irudiwe, ikarudiwa. Walipotawanyika mama akanifuata kwenye mashine.

"Ni vile niko?"

"Ni vile uko, mama."

"Nimezeeka," akasema. "Aliniacha sikuwa hivi. Je, atanijua?"

Nikamwambia atamjua. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Padri alinichukua Albertville kubeba masanduku na kuita watu kwa bati langu. Niliposhuka tu kwenye boti nilianza kumuulizia yule mtoto bandarini, lakini wapakuzi walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na jina la ubatizo au la utani alilopewa na kapita, msimamizi wao. Jina la kwao halikujulikana na mtu. Basi nilipita kambi ya wafanyakazi na bati langu, na safari hii sikutaja maajabu. "Batu ba Baraka! Batu ba Fizi! Kuyeni muone kwenu! Kuyeni muone bamama benu!"

Walikuja wengi, wa Fizi, upande wetu, na wasio wa Fizi. Nilisimama kando ya mashine nikiangalia nyuso badala ya shuka. Zote zilikuwa zikicheka. Kijana alipokelewa na mama wa ndevu, wakapiga makofi, na mama akaja, akatua, akatazama. Wakanyamaza, kama Baraka. Na tangu Baraka Padri alikuwa ameshajua watadai irudiwe, kwa hiyo akairudisha filamu nyuma bila kuombwa, akaianza tena pale mkanda unapotoka.

Mara ya pili mwanamume mmoja mwenye kofia ya kazi akainuka katikati ya watu. "Kaa chini!" wakamfokea. Hakukaa. Alikwenda upande wa kushoto, akasimama pale anaangalia. Akavuka kwenda kulia, kivuli chake kikapita juu ya kitunga, wakamzomea. Kisha akaizunguka shuka, akapotea nyuma yake. Filamu ikaisha. Padri akaniangalia, nami nikasema, "Tena, Padri, tafadhali," naye akairudia tena, yule mtu akiwa bado nyuma.

Watu walipokwisha kuondoka alikuja nilipokuwa nafunga masanduku. Kofia ilikuwa mkononi.

"Nilisema labda mama anaangalia bale bengine," akaniambia. "Nikaenda huku, ananiangalia. Nikaenda kule, ananiangalia. Nikasema basi niende nyuma, niache mwanga, asinione. Na kule nyuma ya shuka, ndugu yangu, iko ananiangalia tu miye." Akajifuta uso kwa kofia. "Boti yenu inarudia siku gani?"